Muhula Mmoja Marseille: Nani Aende, Nani Alipe?

Matatu za namba 46 hutoka katikati ya jiji la Nairobi, zikapita Hurlingham na Yaya, kisha zikaishia Kawangware. Katika safari hiyo fupi unapita kwenye nyumba ambazo mtoto kwenda kusoma Ufaransa ni suala la kuchagua tarehe tu. Unafika pia kwenye nyumba ambazo barua ya kukubaliwa huko huleta furaha na hofu kwa pamoja. Mjadala huu nimeupanga kwa ajili ya barua inayofika kwenye nyumba hizi za pili.

Sauti zake ni nne, nami nimezitunga kutokana na hoja ambazo mkazi wa Hurlingham hakosi kuzisikia. Shangazi ana duka la dawa. Mjomba alifundisha historia chuo kikuu hadi akastaafu. Binti, mpwa wao, amerudi kutoka Marseille alikosoma biolojia kwa muhula mmoja katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Mama anauza mboga karibu na steji, na mwanawe aliye mwaka wa tatu chuoni ndiye aliyepata barua. Nami nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

SHANGAZI: Mimi sipingi masomo, napinga pupa. Mwaka 2023 tuliwaona wazazi wakiandamana Eldoret. Walikuwa wamelipa mamia ya maelfu ya shilingi ili watoto wao waende Finland na Canada kupitia mpango wa kaunti ya Uasin Gishu. Wako waliouza mashamba na ng'ombe, na watoto wengi hawakupanda ndege. Kwa hiyo mtu akiniletea barua ya Ulaya, namuuliza kwanza: pesa zinapitia mikononi mwa nani?

BINTI: Shangazi, swali hilo kila mzazi aliulize. Lakini mpango wa kubadilishana wanafunzi hauendeshwi hivyo. Chuo chako kina mkataba na chuo cha kule, unaendelea kulipa ada yako hapa Nairobi, na kule hudaiwi ada. Mwanafunzi anayejipeleka mwenyewe kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ndiye aliyepandishiwa ada mwaka 2019, wakati huo ikawa yuro 2,770 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza, 3,770 kwa uzamili, ingawa vyuo vingi vimekuwa vikiwasamehe. Mimi sikulipa hata ule mchango wa huduma za chuo ambao wanafunzi wengine hutozwa kabla ya kujiandikisha, maana sisi wa kubadilishana tumeondolewa. Mtu akikuomba pesa za kukutafutia nafasi, mkimbie.

MAMA: Kama ada hakuna, mbona kijana wangu ananitajia pesa ambazo sijawahi kuzishika mkononi?

BINTI: Kwa sababu ada ni kitu kimoja na kuishi ni kingine, Mama. Ukiomba viza ya mwanafunzi unatakiwa uonyeshe kwamba utakuwa na angalau yuro 615 kila mwezi. Yuro ikiwa karibu shilingi 150, hizo zinapita 90,000. Mwanao akipata msaada wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, barua ya msaada huo ndiyo ushahidi wake, kwa hiyo hutaulizwa akiba. Matatizo huanza ukishatua. Msaada unataka akaunti ya benki ya kule. Benki inataka barua ya mahali unapoishi. Mwenye nyumba anataka akaunti, amana na mdhamini. Kuna dhamana ya bure iitwayo Visale, inayowafaa pia wanafunzi wa kigeni, lakini ni lazima mtu akuambie mapema kwamba ipo. Mpaka milango hiyo ifunguke, mimi nilikula pesa za nyumbani.

MAMA: Na asiye na pesa za nyumbani?

Swali hilo la Mama ndilo lililonifanya niuandike mjadala huu. Tumezoea kuzungumza juu ya nafasi hizi kwa kutaja alama za mtihani na kiwango cha Kifaransa, tukaamini kwamba atakayeshindwa ameshindwa kwa uwezo wake. Ukweli ni kwamba vijana wengi wenye uwezo wamezuiwa na pesa za wiki chache, pesa ambazo zimeshaidhinishwa na ziko njiani. Hilo ni pengo linaloweza kuzibwa, na kuliacha wazi ni dhuluma.

MJOMBA: Tangu zamani pengo hilo lilizibwa kwa harambee. Tom Mboya alipopeleka vijana Marekani kuanzia mwaka 1959, Wamarekani walichangia nauli za ndege na vyuo vikatoa nafasi, lakini vijiji vilichanga pesa za mfukoni na za nguo. Karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikwenda kwa njia hiyo katika miaka michache. Nchi ilikuwa inakaribia uhuru bila madaktari, wahandisi wala makatibu wa wizara. Kijiji kilichotoa mbuzi kilijua kinanunua nini. Sasa niambieni, muhula mmoja unanunua nini? Miezi minne au mitano, kisha mtu anarudi kumalizia shahada ileile aliyoianza hapa.

SHANGAZI: Hata mimi ningeuliza hivyo, Mwalimu.

MJOMBA: Itazameni barabara hii tunayokaa kandokando yake. Zamani iliitwa Hurlingham Road. Leo inaitwa Argwings Kodhek kwa sababu hapa ndipo C.M.G. Argwings-Kodhek alipopatia ajali ya gari na kufa, Januari 1969, akiwa waziri. Yeye pia alisoma katika mji wa bandari wa Ulaya, Cardiff, kule Wales, mwishoni mwa miaka ya 1940. Alirudi akiwa wakili, Mwafrika wa kwanza Kenya katika kazi hiyo. Serikali ya kikoloni ilitaka kumwajiri kwa theluthi ya mshahara wa Mzungu mwenye kazi ileile. Alikataa, akafungua ofisi yake, akawatetea watuhumiwa wa Mau Mau wakati ambapo kuwatetea kulikuwa hatari. Miaka ya Cardiff ilimpa silaha. Mnifahamishe silaha inayopatikana kwa muhula mmoja.

BINTI: Mjomba, usidhani naidharau Cardiff. Ila nakuomba usiupime muhula kwa kipimo cha shahada. Nilichopata Marseille ni vitu viwili. Cha kwanza ni maabara. Kampasi ya Saint-Charles iko ubavuni mwa stesheni kuu ya reli, na darasa la vitendo lilikuwa dogo kiasi kwamba kila mtu alishika kifaa chake. Hapa nilikuwa nimezoea kusimama nyuma ya wenzangu na kuandika walichokiona wao. Cha pili ni mji wenyewe.

SHANGAZI: Mji una nini ambacho Mombasa haina?

BINTI: Una ndugu zetu, Shangazi, na sikuwatarajia. Kwenye basi nilimsikia mama mmoja akimkanya mwanawe, nikageuka nikidhani ni mtu wa Lamu. Alikuwa Mngazija. Wakomoro wanaoishi Marseille ni makumi ya maelfu, wengi wao asili yao ni kisiwa cha Ngazija, na lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kiswahili. Wa kwanza walifika wakiwa mabaharia wa meli za Messageries Maritimes, zile zilizopita mfereji wa Suez na kuteremka pwani yetu hadi Madagaska. Baadaye walileta familia. Mwanamuziki Soprano, ambaye Ufaransa nzima inamjua, ni mtoto wa Kikomoro aliyezaliwa Marseille. Mimi nilikwenda nikiamini kwamba nitakuwa mgeni wa kila mtu. Soko la Noailles lilinipokea kwa mihogo, ndizi za kupika na bamia, na nilipokosea Kifaransa changu mwenye duka alinijibu kwa maneno ambayo nusu yake niliyaelewa bila kufundishwa.

MJOMBA: Hilo ni jambo. Endelea.

BINTI: Nilijifunza kwao kitu ambacho hakimo kwenye mtaala. Wana vyama vya vijiji. Watu waliotoka kijiji kimoja cha Ngazija huchangishana Marseille, na michango hiyo hujenga shule, msikiti, zahanati au barabara kule walikotoka. Hawa si matajiri. Wengi hufanya usafi, ulinzi na kazi za bandarini. Nilipokuwa nangojea pesa zangu, aliyenisaidia kupata chumba cha muda si ofisi yoyote. Ni mwanamke wa chama cha namna hiyo, na hakutaka kusikia habari ya kulipwa. Alinitaka nimsaidie binti yake Kiingereza tu.

Simulizi ya Binti ni nzuri, na ninaiamini, lakini nataka tuitumie kwa uangalifu. Wema wa jumuiya ya wahamiaji hauwezi kuwa sehemu ya mpango wa chuo kikuu. Mwanafunzi anayetumwa Brest au La Rochelle hatawakuta Wangazija wengi wa kumfungulia mlango. Atakuta mvua, bahari inayokupwa na kujaa kwa kimo kikubwa, na mji ambao maduka yake hufungwa mapema.

SHANGAZI: Umesema chumba cha muda. Vyumba vya huko ni salama? Usinifiche, kwa maana yule kijana nimemwona akikua.

BINTI: Sitakuficha. Ukipata chumba cha CROUS, shirika la serikali linalosimamia malazi na chakula cha wanafunzi, uko salama na kodi ni nafuu. Chumba ni kidogo, mita za mraba 9 katika majengo mengi, na mlo wa kantini niliulipia yuro 3.30. Shida ni kwamba vyumba hivyo havitoshi. Anayekosa hutafuta mtaani, na vyumba rahisi vya Noailles ni vikuukuu. Tarehe 5 Novemba 2018 nyumba za rue d'Aubagne zilianguka zikaua watu 8, na mmoja wao alikuwa mama wa Kikomoro. Wapangaji walikuwa wameshalalamika juu ya nyufa.

MAMA: Kama Huruma.

BINTI: Ndiyo, Mama. Kama lile jengo la Huruma lililoanguka mwaka 2016.

SHANGAZI: Na rangi? Huwa mnarudi na picha za bahari, hilo hamlisemi.

BINTI: Nalisema leo. Mwaka 1995 kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Komoro, Ibrahim Ali, alipigwa risasi mgongoni akiwa na wenzake, wakikimbilia basi baada ya mazoezi ya muziki. Waliompiga walikuwa wakibandika mabango ya chama cha Front National. Mwaka 2021 mji ukaipa barabara moja jina lake, baada ya familia na majirani kudai kwa miaka mingi. Hayo ni ya zamani, lakini mwaka 2017 Mtetezi wa Haki wa Ufaransa, ambaye ni ofisi ya dola yenyewe, alitangaza kwamba kijana wa kiume anayeonekana mweusi au Mwarabu ana uwezekano mara 20 zaidi ya wengine wa kusimamishwa na polisi aonyeshe vitambulisho. Mwanao atasimamishwa, Mama. Atembee na nakala ya pasipoti na kadi ya chuo, ajibu kwa utulivu, na asijilaumu.

MAMA: Hapa Nairobi pia husimamishwa akishuka kutoka kwa matatu usiku. Hilo ameshalizoea kuliko nyinyi mnavyodhani. Mnieleze kuhusu masomo.

Nafurahi kwamba Mama amelitaka hilo, kwa sababu kuna jambo la masomo ambalo huharibu kazi ya muhula mzima na halizungumzwi.

BINTI: Ufaransa husahihisha kwa alama 20. Kumi unapita. Kumi na mbili ni nzuri kiasi, 14 ni nzuri, 16 ni nzuri sana, na alama 18 wengi hawaioni maishani mwao. Katika ekolojia nilipata 13, na mhadhiri akaniita kunipongeza. Niliporudi nyumbani, mtu alichukua kikokotoo akazidisha mara tano. Ikawa 65. Kwetu A huanzia 70, kwa hiyo nikaandikiwa B. Katika darasa lile la Marseille nilikuwa miongoni mwa wachache waliofanya vizuri zaidi. Kwenye karatasi yangu ya Nairobi naonekana nilikwenda kutembea.

MJOMBA: Hilo sikulijua. Na nimekaa kwenye vikao vya seneti miaka yote hiyo.

BINTI: Na njia ya haki ipo, Mjomba. Mwongozo wa Ulaya wa kuhamisha alama unaagiza vyuo vitazame alama zinavyogawanyika darasani: ni wanafunzi wangapi kwa mia wanapata 13 na zaidi kule, ni wangapi wanapata A hapa, halafu walinganishwe walio kwenye nafasi moja. Kuzidisha mara tano hakumo. Kabla ya safari kuna mkataba wa masomo unaotiwa saini na mwanafunzi, chuo cha hapa na chuo cha kule, ukitaja masomo na uzito wake, kwa kawaida krediti 30 kwa muhula. Mkataba wangu ulitaja masomo yote. Haukusema neno juu ya namna ya kubadilisha alama, na hapo ndipo nilipoumia.

MJOMBA: Basi nirudi kwenye hoja yangu, kwa sababu sasa ina uzito zaidi. Mpango huu unaitwa wa kubadilishana. Wewe ulipokuwa Saint-Charles, nani kutoka Marseille alikaa kwenye kiti chako hapa?

BINTI: Hakuna aliyekuja kwenye idara yetu.

MJOMBA: Huo ndio ugonjwa. Wangekuwa wanakuja, ofisi yetu ingelazimika kujua alama zao zinasomwaje, ingetafuta malazi, ingeandika kanuni. Sisi huwapeleka vijana kama watu wanaopewa msaada, na anayepewa msaada haulizi masharti. Mashua ya makasia upande mmoja huzunguka palepale. Tena tazameni barabara yetu: shule ya Kifaransa ya Denis Diderot iko hapahapa Argwings Kodhek. Anayemaliza pale huingia chuo cha Ufaransa akiwa na lugha na cheti chao. Kijana wa Mama alianza Kifaransa sekondari, somo la hiari, mwalimu mmoja kwa darasa kubwa. Leo anatakiwa afuate mihadhara ya biolojia kwa Kifaransa cha kiwango cha B2. Hao wawili mnawaweka kwenye mstari mmoja wa kuanzia?

MAMA: Amekuwa akienda Alliance Française pale mjini Jumamosi. Karo ya kule nailipa mimi, kwa sukuma wiki na nyanya. Mwalimu, sikatai maneno yako. Ila nikikusikia naona kama unataka mwanangu abaki hadi mambo yanyooke.

MJOMBA: Hapana, Mama...

MAMA: Ngoja nimalize. Kuna mtoto aliyesoma Kifaransa usiku kwa taa ya simu, akapita, akachaguliwa. Mkisema muhula ni mfupi, sawa, ni mfupi. Lakini watoto wa huku juu huenda huo mfupi, na mrefu, na likizo. Hakuna anayewauliza wamenunua nini. Wangu ndiye anayetakiwa kueleza faida kabla hajapanda ndege. Kwa nini?

Hapa sina budi kusimama upande wa Mama, na nasimama kwa moyo wote. Mjomba amesema kweli juu ya usawa wa vyuo, na Shangazi amesema kweli juu ya hadhari. Lakini hoja zao zote mbili, zikiachwa zilivyo, mzigo wake humwangukia kijana wa Kawangware peke yake. Wa Hurlingham ataondoka mihula miwili ijayo, alama zikizidishwa mara tano au zisizidishwe, kwa sababu kwao B moja haiamui riziki. Anayehitaji zaidi kuuona mji mwingine, maabara nyingine na watu wanaoishi kwa namna nyingine ndiye tunayemwambia asubiri.

SHANGAZI: Basi tuitishe harambee. Mimi nitatoa wa kwanza.

MAMA: Anti, Mungu akubariki, lakini harambee siitaki. Nimeziona. Mtoto huondoka akiwa na deni la mtaa mzima. Akirudi bila kazi, kila anayekutana naye njiani anamkumbusha mia tano yake. Na hizi si pesa ambazo hazipo. Huyu binti amesema zimeshaandikwa kwenye barua, zinachelewa tu. Kama zinachelewa, chuo kitoe, halafu zikiingia kijirudishie. Mimi hukopeshwa mboga alfajiri sokoni na watu wasio na ofisi, na nalipa jioni.

MJOMBA: Hazina ndogo ya kuzunguka. Ingehudumia wanafunzi wachache kila muhula, na fedha hizohizo zingerudi kuwahudumia wengine. Hatari yake ni ndogo, kwa sababu anayedaiwa ana barua ya msaada. Sioni hoja ya kuikataa.

BINTI: Kabla ya safari pia kuwe na darasa la Kifaransa cha sayansi, hata la wiki chache, maana Kifaransa cha kuagiza chakula na cha kueleza jaribio la maabara ni viwili tofauti. Na fomu ya CROUS ijazwe mapema, mtu wa ofisini akiwa ameketi na mwanafunzi. Nyumba ikishapatikana, benki na mengine yote hufuata.

SHANGAZI: Iandikwe kwamba mabadilisho ya alama yatiwe saini kabla ya tikiti kukatwa. Mimi siuzi dawa isiyo na maelezo.

MJOMBA: Barua nitaiandika mimi, kwa mkuu wa idara, nakala kwa ofisi ya uhusiano wa kimataifa. Nitaongeza ombi kwamba idara ipokee angalau mwanafunzi mmoja kutoka Marseille mwaka ujao. Nyumbani kwangu chumba kipo.

MAMA: Iandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nami nitaipeleka kwa mkono wangu. Tarehe ya viza ipo. Wakijibu kabla yake, mwanangu anaenda. Wasipojibu hataenda muhula huu, na nitarudi ofisini kwao muhula ujao na barua hiyohiyo.